Chaguo la Kwanza

Fomu ina mistari mitatu tu:
chaguo la kwanza, la pili, la tatu,
na chini kabisa, kwa herufi nzito,
*uamuzi wa mwisho utazingatia mahitaji ya jeshi.*
Siku ya kumi na moja leo iko chini ya kioo cha meza,
kando ya picha ya mama na risiti ya umeme.

Meja Mlekwa hakuniuliza. Aliniagiza.
"Upasuaji, Kapteni Kalunde. Askari ni nyama,
adui ni chuma. Chuma kikiingia kwenye nyama
anaitwa nani?"
Alisema hivyo akimenya karanga kwa mikono ileile
iliyomrudishia koplo mguu wake
usiku jenereta lilipozimika mara mbili.
Mikono ile sibishani nayo.

Lakini usiku ule mimi nilikuwa kichwani,
ndivyo tunavyopaita, upande wa usingizi.
Mwenye kazi yake alikuwa likizo, Nzega.
Nikashika sindano, nikamwambia koplo
ahesabu kutoka kumi kurudi nyuma.
Aliishia saba.
Saa tatu nzima nikamshikia pumzi
kama unavyomshikia mgeni mtoto pale stesheni ya Tabora,
apakie magunia yake kwanza,
halafu unamrudishia, na jina lake hukuliuliza.

Nilimsimulia baba mdogo Mihayo, mrina asali,
ana mizinga sitini ya magome huko Sikonge.
Alicheka mpaka akashika goti.
"Hiyo si kazi yangu hiyo?
Moshi, taratibu. Ukizidisha umewaua.
Ukipunguza, wamekuua wewe."
Nikarudi kambini na chupa mbili za asali,
nikaandika mstari wa kwanza, kwa penseli:
*usingizi.*

Kisha akaja Sajini Ruhaga.

Mtu wa Kasulu, fundi wa mitambo ya mawasiliano.
Alipelekwa kulinda amani, akarudi mzima.
Kadi yake inasema *mzima,* na sahihi ni yangu.
Saa nane usiku, zamu yangu, shati limenyooka pasi:
"Afande, nasikia wewe una dawa ya usingizi."
Ninayo, nikamwambia, lakini ni ya upasuaji tu.
"Basi nipasue."
Wala hakutabasamu.

Akakaa. Treni ya kutoka Kigoma ikapiga honi,
mbwa wa kota wakaamka, yeye hakugeuka.
Kuna doria ilimwita redioni, mchana, huko,
watu wanne, sauti ya mmoja, yenye adabu zake,
ikitaja walipo, ikimaliza na *narudia.*
Akaandika. Akapeleka juu. Juu wakasema wasubiri.
*Narudia,* ikasema tena.
Betri yao ilikwisha kabla ya magharibi.
"Sasa kila nikifumba macho, afande, ananirudia.
Na mimi narudia kulekule."

Ampuli zangu zinamlaza mtu saa moja.
Akiamka yuko palepale alipolala.

Asubuhi nikachukua kifutio.
Penseli ya serikali haifutiki vizuri,
neno la zamani limebaki chini kama kovu la ndui,
na juu yake nimeandika, kwa wino, *magonjwa ya akili.*
Usingizi ukashuka wa pili.
Upasuaji wa tatu, kwa heshima ya karanga.

Meja akaisoma amesimama mlangoni.
"Vichaa? Sisi hapa hatuna vichaa."
Akarudi hatua moja. "Miaka minne kusoma,
kumi ya kulipa deni. Umehesabu?"
Nimehesabu. Nitakuwa na mvi.
Na huenda wakaniletea meno, au macho,
kwa mahitaji ya jeshi.

Usiku Ruhaga akaja tena, shati lilelile, pasi mpya.
"Umepata dawa?"
Bado.
Nikamsogezea kiti, nikazima feni
maana inakwaruza kama redio,
nikamwambia kwa lugha ya kazi yake:
Nakupata, sajini.
Endelea.